Nimeombwa kugombea uenyekiti wa tawi la wapiga picha mkoani, niangalie nini kabla ya kukubali?

ShataYaZiwa

Wakuu, habari za majukumu.

Tawi letu la chama cha wapiga picha hapa Mwanza linafanya uchaguzi baada ya wiki sita, na wanachama kadhaa wameniomba nigombee uenyekiti. Kazi ni ya kujitolea, haina posho. Hali ilivyo ni hii: kwenye rejista tupo 46, wanaolipa ada ni 28. Ada ni 5,000 kwa mwezi. Hatuna akaunti ya benki, michango yote imekuwa ikiingia kwenye namba ya M-Pesa ya mwenyekiti anayemaliza muda, na salio linalotajwa ni 1,140,000. Vifaa vya tawi ni softiboksi mbili (visanduku vya kitambaa vya kulainisha mwanga wa taa), stendi nne, reflekta moja na projekta. Mkutano wa mwisho uliotimiza akidi ulikuwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita.

Wanaonipigia debe wanataka jambo moja kwa nguvu zote: bei ya chini iandikwe kwenye kanuni za tawi. Pendekezo lao ni kwamba harusi isipigwe chini ya 800,000, atakayeshuka atozwe faini, na akirudia atengwe. Naelewa uchungu wao, kwa sababu wapo vijana wanaopiga harusi nzima kwa 250,000 pamoja na albamu.

Naomba ushauri wa vitendo. Nidai nini kabla ya kuchukua fomu? Fedha zikae wapi? Hili la bei linawezekana? Na niitisheje mikutano ambayo watu watakuja kweli? Naomba kuwasilisha.

---

Daftari la Hazina

Mkuu, swali zuri, na umefanya vema kuuliza kabla na si baada. Nitajibu ya uongozi na fedha. La bei wapo wanaolijua vizuri zaidi.

Kwanza jua unaongoza kitu gani kisheria. Waombe makao makuu nakala ya cheti cha usajili na katiba, usome chama kimesajiliwa chini ya sheria ipi. Vyama vingi vya namna hii viko chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Chama cha hivyo peke yake hakina nafsi ya kisheria ya kumiliki mali. Mali inashikwa na wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Tawi nalo liko chini zaidi ya hapo. Maana yake kwako ni kwamba ukisaini mkataba wa ukumbi kwa jina lako tupu, deni ni lako. Kwa hiyo kabla ya kuchukua fomu, omba makao makuu barua ya kukasimu madaraka inayotaja mambo matatu: tawi linaruhusiwa kufungua akaunti, linaruhusiwa kuingia mikataba hadi kiasi gani, na asilimia ngapi ya ada inabaki mkoani. Barua hiyo isipopatikana ndani ya wiki sita ulizonazo, hilo lenyewe ni jibu kuhusu msaada utakaoupata ukishachaguliwa.

Pili, makabidhiano. Hapa ndipo viongozi wapya wengi wanapokwama, kwa sababu wanapokea mhuri na kupeana mikono, basi. Andaa hati ya makabidhiano yenye kurasa mbili au tatu, isainiwe na anayetoka, anayeingia na mashahidi wawili ambao si wagombea. Ndani yake ziwemo katiba, mhuri, rejista ya wanachama, daftari la mihtasari, stakabadhi, orodha ya madeni ya tawi na ya wanaolidai tawi, na kila kifaa kwa jina, namba yake ya kiwandani (serial number) na hali yake. Usiandike "projekta 1". Andika aina, namba, saa za taa zilizotumika (zinaonekana kwenye menyu yake), rimoti ipo au haipo, waya upi upo.

Kuna jambo dogo linalowaumiza wengi: laini ya simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu, sio ya chama. Ukurasa wa Instagram wa tawi ukiwa umefungwa na namba ya mwenyekiti wa zamani, kila utakapoingia kwenye simu mpya msimbo wa uthibitisho utaenda kwake. Akibadilisha laini, ukurasa umepotea pamoja na wafuasi wake wote. Siku ya makabidhiano kaeni mezani, fungueni barua pepe mpya ya tawi, hamisheni ukurasa kwenye barua pepe hiyo, badilisheni namba ya uthibitisho, kisha jaribuni kuingia kwa simu ya katibu hapo hapo kabla ya mtu yeyote kusaini. Kundi la WhatsApp liwe na wasimamizi watatu tangu siku hiyo.

Tatu, fedha. Mwenyekiti asishike hata shilingi ya michango. Hili ni kwa ajili ya kukulinda wewe, kwa sababu fedha ya kikundi ikichanganyika na ya nyumbani, hata mtu mwaminifu kabisa hawezi kuonyesha ipi ni ipi baada ya miezi mitatu. Benki zitakutaka katiba, cheti cha usajili, barua ya makao makuu, muhtasari wa kikao kilichochagua watia saini, na vitambulisho vyao vya NIDA. Muhtasari ndio unaorudisha watu nyuma mara nyingi: majina yawe yale yale herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye NIDA, na uonyeshe idadi ya waliohudhuria na kwamba akidi ilitimia. Wekeni watia saini watatu, na malipo yapite kwa wawili wowote. Asiwe mume na mke, wala wawili wanaofanya kazi studio moja. Wakati akaunti inasubiriwa, huduma za vikundi za kwenye simu kama M-Koba ni bora kuliko namba ya mtu binafsi.

Mwenyekiti apewe masurufu kidogo, tuseme 50,000 kwa mwezi kwa vocha, nauli na kurudufu karatasi. Yanarejeshwa kwa risiti, na yasiporejeshwa mwezi unaofuata hayatoki. Kujitolea maana yake hulipwi kwa muda wako. Kulipia tawi kutoka mfukoni ni kitu kingine, nacho huchosha haraka na kuzaa madai ya chinichini. Hesabu ziwe ukurasa mmoja kila mwezi, kwenye kundi, siku ile ile: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka, salio la mwisho, pamoja na picha ya taarifa ya benki. Wanachama 28 kwa 5,000 ni 140,000 kwa mwezi, 1,680,000 kwa mwaka. Pangeni matumizi kwa hiyo 1,680,000, msipange kwa 2,760,000 ambayo ingepatikana kama wote 46 wangelipa.

Na akidi: kama katiba inasema "nusu ya wanachama", kwenu ni 23, na kuifikisha ni kazi ngumu. Mkutano wa kwanza halali uirekebishe isomeke "nusu ya wanachama hai", yaani waliolipa ada ya miezi mitatu iliyopita. Kwenu hiyo ni 14.

---

Mizani ya Bei

Nijibu la bei peke yake, maana naliona limekaa vibaya.

Msiiandike. Sheria ya Ushindani wa Haki ya mwaka 2003, kifungu cha 9, inakataza makubaliano ya washindani kupanga bei, washindani kumgomea mtu kwa pamoja, na kupanga nani ashinde zabuni. Pendekezo la wenzako lina mawili kati ya hayo kwa mpigo: bei ya chini ya 800,000 ni upangaji wa bei, na "atengwe" ni mgomo wa pamoja. Tume ya Ushindani inaweza kutoza faini kati ya asilimia 5 na 10 ya mapato ya mwaka ya biashara husika. Na ushahidi mngekuwa mmewaandalia wenyewe, kwenye kanuni zenye mhuri. Kumbukeni pia ujumbe wa WhatsApp ni maandishi. Mwenyekiti akiandika kwenye kundi "kuanzia mwezi ujao tusishuke 800,000", ameshaingia humo.

La zabuni lisisahaulike. Kazi za taasisi za umma sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni. Tawi likikaa na kusema "safari hii ombeni nyinyi, sisi tutaomba ya mwezi ujao", hilo nalo limekatazwa.

Kinachoruhusiwa, na kinachosaidia kweli, ni kumfundisha kila mwanachama kukokotoa gharama yake mwenyewe. Vijana wanaopiga kwa 250,000 wengi wao hawajui kwamba wanalipia harusi ya mteja. Wafanyieni darasa la saa mbili, karatasi na kikokotoo. Mfano wa harusi moja:

Bodi ya kamera imenunuliwa 3,600,000. Shata yake (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha) imekadiriwa na kiwanda mipigo 150,000 (ndivyo zilivyo Canon 5D Mark III na Nikon D750, Canon 6D ni 100,000). Gawanya: kila mpigo ni shilingi 24. Harusi yenye mipigo 2,500 imekula 60,000 za kamera kabla hujanywa maji. Lenzi, flashi, betri na memori kadi tuseme ni 4,200,000 kwa miaka mitano, kazi 35 kwa mwaka: 24,000 kwa kazi. Pango, umeme, leseni, intaneti na programu ya kuhariri ni 4,200,000 kwa mwaka, gawanya kwa 35: 120,000. Msaidizi wa kamera ya pili 100,000. Usafiri 40,000. Albamu 150,000. Siku zako tano (moja ya vikao na kamati ya harusi, moja ya tukio, tatu za kuhariri) kwa 40,000 kila moja: 200,000.

Jumla 694,000, na hakuna faida humo wala kodi. Anayetoza 400,000 kwa mzigo huo huo amepungukiwa 294,000. Yaani siku zake tano zote amefanya bure, na juu yake ameongeza 94,000 kutoka mfukoni. Hasara hiyo haionekani siku hiyo, inajificha kwenye kamera. Anaijua siku shata inapokwama akiwa katikati ya ibada na hana akiba ya kununua nyingine.

Sasa angalia mwenzake anayefanyia kazi nyumbani, hana pango la 2,800,000 kwa mwaka na hachukui msaidizi. Kwake toa 80,000 na 100,000, zinabaki 514,000. Wote wawili ni waaminifu, wote wawili wanajua kazi. Bei moja ingemfukuza huyu wa pili sokoni bila kosa lolote. Ndiyo sababu nasema hata sheria isingekuwepo, 800,000 ingekuwa kanuni mbovu.

Karatasi hiyo kila mtu aijaze kwa namba zake na aondoke nayo. Msizikusanye, msizibandike kwenye kundi, msitoe wastani.

---

Mama Studio wa Igoma

Naongezea jambo ambalo huvunja matawi kuliko hata fedha: kazi zinazopitia kwa mwenyekiti.

Ukishakuwa mwenyekiti, hoteli, mashirika na kamati za harusi watakupigia wewe. "Tunahitaji wapiga picha wawili Alhamisi." Ukiichukua mwenyewe mara mbili, tawi limekwisha, hata kama ulikuwa ndiye unayefaa zaidi. Wekeni utaratibu kabla ya uchaguzi na uutangaze kwenye kampeni yako: kila ombi linalokuja kupitia cheo au ukurasa wa tawi linawekwa kwenye kundi ndani ya saa mbili, kwa maneno yale yale ya mteja, likiwa na tarehe, mahali, saa, aina ya kazi, picha ngapi zinatakiwa, na namba ya mteja. Mwanachama anawasiliana na mteja mwenyewe na anakubaliana naye bei mwenyewe. Tawi halipokei kamisheni. Kamisheni ya asilimia 10 inavutia kwa sababu hazina ni ndogo, lakini kazi ikiharibika mteja atakuja kulidai tawi.

Kiongozi anaweza kuomba kazi hizo? Wapo wanaosema hapana kabisa. Mimi naona aruhusiwe, ila baada ya saa 24 kama hakuna mwanachama aliyejitokeza, na katibu aiandike kwenye daftari. Ukimnyima kiongozi kabisa, watakaogombea ni wale wasio na kazi.

Na kaka, msichanganye tawi na vikundi vya mikopo. Watu watakuomba tawi lichukue ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu. Wanaoitaka waunde kikundi chao kidogo kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Tawi lisidhamini.

---

Mwanga na Kivuli

Mikutano. Watu hawaji kusikiliza agenda, wanakuja kupata kitu mkononi. Kikao cha mambo ya tawi kiwe dakika 30 kwa kutazama saa, kisha mafunzo.

Siku: kamwe isiwe Ijumaa, Jumamosi wala Jumapili, hizo ni za sendofu, harusi na kuamka na uchovu. Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa 10 alasiri, inafaa wengi. Mkutano mkuu na mafunzo marefu yawekeni wakati wa Kwaresima, harusi za kanisani zinapopungua sana. Kwaresima ikigongana na Ramadhani anzeni saa 8 mchana, ili waliofunga wawahi kufuturu kwao.

Mafunzo ya vitendo kwa watu 24 yagawe vituo vinne, watu sita kila kituo, dakika 25, na dakika tano za kuhama. Saa mbili zinatosha. Zaidi ya sita kwa kituo, wawili wa nyuma wanaishia kupiga picha migongo ya wenzao. Vituo viwe: dirisha na reflekta, softiboksi moja, flashi ya juu ya kamera ikigonga dari, na picha za bidhaa mezani.

Kituo cha softiboksi ndicho chenye faida kubwa, nikieleze kidogo. Weka softiboksi mita 1 kutoka usoni, mandhari mita 2.5 nyuma ya mtu. Pimeni mwanga uwe f/8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi, namba ndogo ni tundu kubwa). Sasa sogeza softiboksi hadi mita 2 bila kugusa nguvu ya taa. Picha itakuwa giza, na kila mtu afungue hadi f/4 ili uso urudi ulivyokuwa. Umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Kisha waangalie picha mbili bega kwa bega: kivuli cha pua kimekuwa kikali, na mandhari yamepanda mwanga. Mtu akishaliona hilo kwa macho yake, hatasogeza tena taa ovyo.

Yanayoharibika siku hiyo yanajulikana. La kwanza ni triga, kifaa cha kuwasha flashi bila waya. Ukiwa na vituo viwili vya flashi chumba kimoja na wote wanatumia Godox, na hakuna aliyegusa mipangilio, flashi za kituo cha pili zitawaka kila wa kituo cha tatu akibonyeza, na watu watalaumu betri. Chaneli zipo 32: wape kituo kimoja chaneli 5 na kingine 20, mkabandike karatasi ukutani. La pili ni mstari mweusi chini ya picha. Mtu ameweka kasi ya 1/500 ya sekunde na shata yake haiendani na flashi zaidi ya 1/200. Ashushe hadi 1/160, mstari utaondoka. La tatu ni umeme: ulizeni ukumbi una yuniti ngapi za LUKU kabla ya kulipa, na waya wa kuongezea ukunjueni wote. Waya uliobaki umeviringika huku ukibeba mzigo mkubwa unapata moto.

Bajeti: kiingilio 10,000 kwa 24 ni 240,000. Ukumbi 80,000, wanamitindo wawili 40,000, chai na vitafunio 3,000 kwa kila mtu 72,000, kusafirisha vifaa 20,000. Jumla 212,000, inabaki 28,000 ya hazina. Wakija 20 tu, mapato ni 200,000, chai inashuka hadi 60,000, na bado mnafikia 200,000 kamili. Chini ya 20 mnaingia hasara, kwa hiyo kiingilio kilipwe siku tano kabla, na msipofika 20 muahirishe.

---

Kadi Mbili

Lingine litakalokuangukia ni malalamiko ya wateja. "Mwanachama wenu amechukua nusu ya fedha, miezi minne sasa hakuna albamu." Usiyatatue kwa simu yako usiku. Chagueni watu watatu wa maadili wasio kwenye uongozi. Lalamiko liandikwe, liambatane na mkataba au risiti, mwanachama ajibu ndani ya siku 7, kamati imalize ndani ya 21. Tawi linapatanisha na linaweza kumsimamisha uanachama mtu kwa mujibu wa katiba. Halirudishi fedha kwa niaba ya mtu.

Yatapungua mkiwapa wanachama mkataba wa ukurasa mmoja: malipo ya awali, siku za kukabidhi, idadi ya picha zilizohaririwa, picha ghafi zitatunzwa siku ngapi, nani ana hakimiliki na mteja ameruhusiwa kuzitumiaje. Hilo la hakimiliki liandikwe wazi hata kama mteja ni ndugu. Na kiwepo kisanduku cha mteja kuweka alama kama anaruhusu au haruhusu picha zake kutumika kwenye matangazo ya studio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Kwa watoto asaini mzazi. Majirani zetu Kenya wana sheria inayofanana, na Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda taarifa iliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Rejista ya wanachama wenu nayo ina namba za simu na za NIDA, isirushwe kwenye kundi.

Na kwa malalamiko ya "kadi imekufa, picha zote zimepotea", wafundisheni hili mapema: kadi itolewe kwenye kamera mara moja, isipigwe hata picha moja zaidi, isifomatiwe. Programu ya bure ya PhotoRec husoma kadi na kuandika inachokipata kwenye diski nyingine, sio kwenye kadi ile ile. Mara nyingi picha bado zipo. Kinachoziua ni mtu kuendelea kupiga juu yake kwa matumaini. Mwenye kamera ya nafasi mbili aiweke iandike kwenye zote mbili siku ya harusi.

---

ShataYaZiwa

Wakuu, nashukuru mno, nimechapisha yote. Pendekezo la bei nitawaambia wazi kwamba sitalisimamia, na badala yake naandaa darasa la karatasi ya gharama. Barua ya kukasimu nimeshaiomba leo.

Limebaki moja. Ile 1,140,000 iliyo kwenye simu ya mwenyekiti anayetoka. Ni mtu mzima, ametumikia tawi miaka minne, na sitaki aonekane mwizi mbele za watu. Tufanyeje?

---

Daftari la Hazina

Msimhoji mkutanoni. Aende yeye na mweka hazina mteule, wawili tu, kwenye duka la huduma la mtandao wake, aombe taarifa ya miamala ya kipindi chake kadiri itakavyorudi nyuma. Atahitaji kitambulisho. Ikichapishwa, wekeni alama ya kalamu ya kijani kwenye kila ada iliyoingia, kwa jina la aliyetuma, na nyekundu kwenye kila malipo ya tawi, mkiambatanisha risiti iliyopo. Miamala yake binafsi ifunikeni kwa karatasi kabla ya kurudufu, haiwahusu wanachama.

Tegemeeni tofauti. Kuna makato ya kutuma na kutoa kwa miaka minne ambayo hakuna aliyeyaandika, na kuna waliolipa ada taslimu. Makato yahesabuni kutoka kwenye taarifa yenyewe na myaandike kama gharama ya tawi, kwa sababu ndiyo ilivyokuwa. Kitakachobaki bila maelezo kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano kama kilivyo, kwa kiasi chake, mkutano mkuu uamue.

Kisha fedha itoke kwenye simu yake iende moja kwa moja kwenye akaunti ya tawi, watia saini wote watatu wakiwepo. Isipite kwenye simu yako hata kwa dakika tano. Kama akaunti haijafunguliwa siku hiyo, ibaki alipo, na hati iseme hivyo na itaje tarehe ya kuihamisha.